Filamu ya Wakanda, mhakiki wa Nairobi na kelele za mashabiki



Wengine wametuuliza kwa nini hatukuandika neno lolote juu ya fujo iliyotokea kati ya vijana wa parokia moja hapa mjini, katika komini ya Kenya. Tulinyamaza makusudi. Jambo lilikuwa bado moto, na maandishi yetu yangeongeza kuni. Sasa limepoa kidogo, nasi tunaona ni vema tueleze mambo yalivyokuwa na asili yake, kwa sababu tumesikia kwamba fujo ya namna hiyo imetokea mahali pengine pia.

Ilikuwa Jumamosi jioni. Vijana walitandika shuka nyeupe ukutani, wakakodi projekta, wakaonyesha Black Panther, ile filamu ya mwaka 2018 inayohusu nchi ya kubuni iitwayo Wakanda. Karibu wote walikuwa wameiona tayari kwenye simu, lakini kuiona pamoja kwenye ukuta mkubwa ni jambo lingine. Walipiga makofi, walicheka, akina mama waliokuja na mikate walikaa mpaka mwisho. Kisha yakaja mazungumzo. Kijana mmoja wa kwaya, mwimbaji wa sauti ya teno na mwanafunzi wa chuo kikuu, akasimama akasema kwamba amesoma maandishi ya mhakiki mmoja wa Nairobi ambaye hakuipenda filamu hii, na kwamba yeye mwenyewe anaona mhakiki huyo ana haki. Akaanza kutoa sababu. Hakufika ya pili. Ukumbi mzima ukapiga kelele, na dada mmoja akamwambia mbele ya watu: “Yaya, weye uko unasema sawa muzungu!” Watu wakacheka. Usiku ule maneno yaliendelea katika kikundi cha WhatsApp cha kwaya, tena makali kuliko yale ya ukumbini. Asubuhi kijana alikuwa amejitoa katika kikundi. Jumapili tatu nafasi yake katika safu ya teno ilikuwa tupu.

Kwa ajili ya filamu! Ndivyo mzee mmoja wa kanisa alivyosema, akitikisa kichwa. Lakini hatufikiri kwamba ilikuwa kwa ajili ya filamu tu.

Kwa wazee wetu ambao hawakuiona, tueleze kwa kifupi. Chui Mweusi ni shujaa aliyebuniwa mwaka 1966 na Wamarekani wawili, Stan Lee na Jack Kirby, katika vitabu vya picha vya kampuni ya Marvel. Ni mfalme wa Wakanda, nchi ya Afrika ambayo haikutawaliwa na mkoloni hata siku moja. Chini ya ardhi yake kuna madini ya ajabu yanayoitwa vibranium. Kwa madini hayo Wakanda imetengeneza ndege, dawa na silaha kupita mataifa yote, huku ikijificha na kujifanya nchi maskini ya wakulima na wafugaji. Mwaka 2018 mwongozaji Ryan Coogler aliigeuza hadithi hiyo kuwa filamu. Waigizaji wake wakuu karibu wote ni watu weusi, na kati yao yumo Lupita Nyong'o wa Kenya. Huko Kisumu ilionyeshwa kwa sherehe mwezi wa Februari, na mwenyeji alikuwa baba yake Lupita, gavana Anyang' Nyong'o. Filamu iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani, ikapata tuzo 3 za Oscar.

Mkaaji wa Katanga akiitazama filamu hii haoni mambo ya kigeni. Nchi yenye madini ambayo dunia nzima inayataka? Tunaishi juu yake. Kobalti iliyo ndani ya betri za simu na magari ya umeme, sehemu kubwa sana ya ile inayochimbwa duniani hutoka kwetu, Haut-Katanga na Lualaba. Urani ya bomu lililoanguka Hiroshima mwaka 1945 ilitoka hasa Shinkolobwe, karibu na Likasi. Kwa hiyo mtoto wa Katuba au Ruashi anapoona Waafrika ambao madini yao yamewajengea hospitali na treni zao wenyewe, hatazami mchezo tu. Anaona nchi yake jinsi ingekuwa. Ndiyo sababu mtu akiigusa filamu hiyo kwa maneno ya kukosoa, kijana anahisi ameguswa yeye, na baba yake, na kaburi la babu yake aliyefanya kazi Union Minière.

Basi mhakiki ni nani? Ni mtu ambaye kazi yake ni kutazama filamu, mara nyingi kabla haijafika kwa watu wote, na kuandika ni nini kizuri ndani yake, ni nini kibaya, na kwa sababu gani. Neno la maana hapo ni sababu. Mtu akisema “sikuipenda” bila kueleza, ametoa maoni kama mimi na wewe. Mhakiki lazima aeleze, ili msomaji aweze kupima maneno yake na hata kumkatalia. Si nabii, wala si hakimu. Anaweza kukosea, tena hukosea sana. Filamu zilizotukanwa zilipotoka na kupendwa miaka 20 baadaye ni nyingi.

Zamani uhakiki ulikaa katika gazeti, msomaji akausoma, akakasirika au akakubali, akafungia samaki katika karatasi hiyo. Mambo yalibadilika uhakiki ulipogeuzwa kuwa namba. Huko Marekani kuna ukurasa wa intaneti unaoitwa Rotten Tomatoes, maana yake nyanya zilizooza, kwa kumbukumbu ya watazamaji wa zamani waliowatupia nyanya waigizaji wabovu. Unakusanya maandishi ya wahakiki wote na kuyagawa mafungu mawili: walioipenda filamu na wasioipenda. Kisha unahesabu asilimia ya walioipenda. Wakifika 60 kwa 100, filamu inapewa nyanya nyekundu nzuri. Wakiwa chini ya hapo, inapewa nyanya iliyopasuka.

Hapo wengi wanadanganyika, hasa sisi Wakongo tunaopenda asilimia. Mtoto wetu akipata asilimia 75 katika examen d'État tunamwagia unga mweupe kichwani na barabara nzima inajua. Lakini asilimia ya Rotten Tomatoes si alama za mtihani. Black Panther ilipata asilimia 96 hivi. Maana yake si kwamba filamu ina ubora wa 96 juu ya 100, maana yake ni kwamba karibu wahakiki 96 katika kila 100 waliona inafaa kutazamwa, hata wale waliosema “inafaa, lakini...”. Na mambo mazuri zaidi ya uhakiki hukaa katika lile “lakini”. Namba inalifuta. Kinachobaki kinafanana na matokeo ya mechi, na mahali penye matokeo ya mechi lazima patakuwa na Mazembe na Lupopo.

Mashabiki wa filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu waliingia katika mchezo huo kwa ukali wote. Mwaka 2012, mhakiki wa Marekani Marshall Fine aliandika vibaya juu ya filamu ya Batman iitwayo The Dark Knight Rises. Akatishiwa kuuawa. Matusi yalizidi mpaka ukurasa wa Rotten Tomatoes ukafunga nafasi ya watu kuandika maoni juu ya filamu hiyo. Jambo la kushangaza ni hili: wengi wa wale waliomtukana walikuwa hawajaiona filamu, kwa sababu ilikuwa haijafunguliwa kwa watu wote. Walimtetea Batman ambaye hawajamwona bado.

Mwaka 2016 wahakiki wengi waliiponda filamu iitwayo Suicide Squad. Maelfu ya mashabiki wakatia sahihi barua ya kudai Rotten Tomatoes ifungwe, wakisema inawaonea mashujaa wa kampuni ya DC. Hawakujua, au hawakujali, kwamba Warner Bros., kampuni iliyotoa filamu hiyo, yenyewe ilikuwa na hisa katika Rotten Tomatoes. Mwaka 2018, kabla Black Panther haijafunguliwa, kikundi fulani cha Facebook kilijipanga kuishushia alama za watazamaji kwa makusudi, na Facebook ikakiondoa. Wakati huohuo mhakiki wa gazeti moja la Ireland, wa kwanza kuitia dosari ile asilimia 100 ambayo filamu ilianza nayo, alishambuliwa kutoka upande wa pili, yaani na wale wanaoipenda. Mwaka 2019, kabla ya filamu ya Captain Marvel ambayo shujaa wake ni mwanamke, watu walimimina maneno mabaya kwa wingi, na Rotten Tomatoes ikaondoa kabisa nafasi ya kutoa maoni kabla filamu haijatoka.

Wala tusifikiri ni ugonjwa wa vijana peke yao. Filamu ya pili ya Wakanda, ya mwaka 2022, ina sehemu inayoonyesha watu wenye silaha wa Ufaransa wakifanya uovu nchini Mali. Mwezi wa Februari 2023 waziri wa majeshi wa Ufaransa, Sébastien Lecornu, alitoka hadharani kuilaani. Waziri mzima, mwenye ndege za vita, akagombana na nchi ambayo haipo!

Tulipokuwa tukiyasoma mambo haya katika ofisi yetu, mmoja wetu alifungua Matendo ya Mitume sura ya 19. Pale Efeso, Demetrio mfua fedha anawakusanya mafundi wenzake na kuwaambia kwamba mahubiri ya Paulo yanaharibu biashara ya vihekalu vya Artemi. Hivyo ndivyo anavyoanza, kwa kutaja mapato. Baadaye tu ndipo anapoongeza heshima ya mungu wao wa kike. Mji unajaa ghasia, watu wanakimbilia ukumbi wa michezo, wanapiga kelele za kumsifu Artemi muda wa saa mbili. Luka anaongeza neno ambalo mhubiri huliruka kwa haraka: wengi wao hawakujua wamekusanyika kwa ajili gani.

Tunaliona neno hilo kuwa maelezo bora ya kelele za mashabiki kuliko mengi tuliyoyasoma. Linaonyesha mambo matatu yaliyochanganyika. Kuna upendo wa kweli: Waefeso walimpenda Artemi wao, na kijana wetu anaipenda Wakanda. Kuna mfuko wa mtu fulani: Demetrio hakulia bure, na makampuni ya filamu hayakasiriki mashabiki wanapokuwa jeshi linalopigania bidhaa zao bila mshahara. Na kuna utamu wa kupiga kelele pamoja na wengine, ambao ukianza hauhitaji sababu tena. Aliyeutuliza mji alikuwa karani, si mtume. Hakuwaambia Artemi si kitu. Aliwaambia kwamba kama Demetrio ana neno juu ya mtu, mabaraza yapo, alipeleke huko lipimwe.

Tulipime basi neno la mhakiki wa Nairobi, maana katika ukumbi ule halikupata nafasi. Anaitwa Patrick Gathara, mchoraji wa katuni na mwandishi. (Ni wa nchi ya Kenya, si wa komini yetu ya Kenya, mama mmoja alituuliza anakaa avenyu gani.) Mwezi wa Februari 2018, wakati Waafrika wengi walikuwa wakienda sinema wamevaa vitenge na kanzu za sherehe, aliandika katika gazeti la Washington Post kwamba filamu hii inaonyesha Afrika ileile ya macho ya mkoloni. Kwa maneno yetu wenyewe, hoja yake ni hivi: Hii ni nchi yenye ujuzi kupita zote duniani, lakini haijapata njia ya kumweka mtawala isipokuwa wanaume wawili kupigana mpaka mmoja afe au asalimu amri. Ina utajiri usio na mwisho, lakini hatima ya watu wote iko mikononi mwa jamaa chache za wakubwa wanaogombana. Watu wake wamegawanyika kwa makabila. Na siku ya hatari, jasusi wa Marekani ndiye anayepewa kazi ya kuokoa.

Mashabiki walimjibu kwa wingi. Wengine walijibu vizuri: kwamba ni hadithi ya mashujaa, na katika hadithi za wafalme watu hupigania viti, kwamba watoto weusi wamengoja miaka mingi kujiona katika nafasi ya shujaa, kwamba wanawake wa filamu hiyo, yule mkuu wa majeshi na yule dada mwenye maabara, hawafanani na picha yoyote ya mkoloni. Wengine walimwambia tu kwamba anachukia weusi wenzake. Jibu hilo la mwisho ndilo lililotumika katika komini ya Kenya.

Sisi tunaonaje? Tunafikiri swali lake la kwanza ni zito, na kwamba hapa Katanga hatuna ruhusa ya kulicheka. Kabla ya Ubelgiji, sehemu kubwa ya nchi hii ilikuwa chini ya Msiri, mfalme wa Garenganze, aliyekaa Bunkeya. Alikuwa na shaba, alikuwa na pembe za ndovu, alikuwa na bunduki, na biashara yake ilifika bahari zote mbili. Wamisionari wetu wa kwanza, Frederick Stanley Arnot mwaka 1886 na baadaye Dan Crawford, walikaa kwake kwa ruhusa yake. Alikuwa pia mtawala mkali wa kuogopwa, na mwaka 1891 Wasanga walikuwa wamekwisha kuasi. Msafara wa Stairs ulipofika na bendera ya Leopold, Msiri aliikataa. Tarehe 20 Desemba 1891 alipigwa risasi, na ufalme wake haukuweza kusimama, kwa sababu ndani ulikuwa umekwisha kupasuka. Mtu asiseme kwamba tunawatetea waliomwua. Tunasema kwamba nchi tajiri ambayo watu wake hawana njia ya amani ya kumbadilisha mkubwa ina mlango wazi upande wa nyuma, na mgeni huujua mlango huo.

Tukumbuke pia filamu ilitoka mwezi gani. Februari 2018 sisi Wakongo tulikuwa tukingoja uchaguzi uliopaswa kufanyika mwaka 2016. Wakristo walikuwa wakiandamana wakitoka ibadani, na wengine waliuawa. Uchaguzi ulifanyika tarehe 30 Desemba mwaka ule, na Januari 2019, kwa mara ya kwanza tangu uhuru wa 1960, rais mmoja alimkabidhi mwingine madaraka bila bunduki, pamoja na maswali yote yaliyobaki juu ya hesabu ya kura. Katika mwaka kama huo, Mkenya anayeuliza kwa nini hata katika ndoto zetu mfalme hupatikana kwa mikuki, haulizi swali la mtu anayewachukia weusi. Kenya nayo ilikuwa imetoka tu katika uchaguzi wa 2017 uliofutwa na mahakama na kurudiwa.

Lakini hatumpi haki yote. Kuna jambo tunaloliona katikati ya filamu ambalo linamjibu, na linawajibu mashabiki vilevile. Mfalme T'Challa ameshindwa na yuko kati ya uhai na kifo. Anakutana na baba yake na wafalme waliotangulia. Anajua sasa kwamba baba yake alimwua ndugu yake mwenyewe huko Oakland na kumwacha mtoto wake yatima, na kwamba Wakanda ilijificha huku watu weusi wengine wakiuzwa na kuteswa. Naye anawaambia wazee wote wale, uso kwa uso, kwamba walikosea. Mtoto wa Kiafrika, mbele ya wazee waliolala, anasema mlikosea, na hadithi inampa haki! Kwa hiyo ile Wakanda tunayoipigania isikosolewe inaokolewa na mtu aliyeikosoa. Kama T'Challa angekuwa katika kikundi cha WhatsApp cha kwaya yetu, sijui kama angekaa mpaka asubuhi.

Sehemu hiyohiyo ndiyo inayowasumbua baadhi ya wachungaji wetu, kwa sababu nyingine. Mfalme anakunywa maji ya mmea mtakatifu, anafukiwa kwa mchanga, anaongea na wafu. Tena kuna mungu wa kike Bast. Mchungaji mmoja wa Likasi alituandikia kwamba filamu yenye mambo hayo haifai kuonyeshwa katika ukumbi wa kanisa. Kuna vijana waliomcheka. Wasimcheke. Huo nao ni uhakiki, una sababu, na unatoka kwa mtu ambaye amewazika waumini waliokufa kwa sababu ya kwenda kwa waganga badala ya hospitali. Sisi hatukubaliani naye kwamba ukuta ufungwe. Tunaona afadhali vijana watazame pamoja na wakubwa na kuulizana, kuliko kila mmoja atazame chini ya blanketi. Lakini katika barua yake hatukukuta tusi hata moja, na tumemjibu kwa barua ndefu.

Sasa turudi kwa yule mwimbaji wa teno. Wawili wetu tulimtembelea nyumbani kwao. Mama yake alitupa chai, akatuambia kwamba mtoto wake hali vizuri. Yeye mwenyewe hakutaka kusema sana. Alisema jambo moja ambalo tumelibeba tangu siku ile: kwamba neno muzungu halikumwumiza sana, kilichomwumiza ni kwamba watu 40 walikuwa katika ukumbi, watu anaoimba nao tangu utoto, na hakuna hata mmoja aliyesema “mwacheni amalize”. Sisi pia tulikuwa kati ya hao 40. Tulikaa viti vya mbele.

Tulimwomba msamaha pale pale, mbele ya mama yake. Kisha tulimwita yule dada. Tulitegemea abishane, lakini alilia. Alisema baba yake alikuwa mchimbaji wa mikono na alifukiwa na udongo katika shimo, na kwamba filamu ile huitazama kila akimkumbuka, kwa sababu ndani yake madini hayaui mtu wa nyumbani. Hakumjua mhakiki wa Nairobi wala hakutaka kumjua. Alisikia tu mtu anasema kwamba mahali pake pa kupumzikia ni uongo. Tuliona aibu ya namna nyingine. Katika siku zote tulizozungumza juu ya kelele za mashabiki, hatukuwa tumemwuliza hata mmoja wao anapenda nini ndani yake.

Walikutana baada ya ibada, chini ya mwembe wa uani, bila sisi. Hatujui yote waliyoambiana. Tunajua kwamba yule kijana alimwambia kuwa Gathara hakuandika juu ya baba yake, na dada akamjibu kwamba angesema hivyo kwanza kabla ya kuanza. Amerudi katika kwaya, ingawa hajarudi katika kikundi cha WhatsApp, na hatumlazimishi.

Vijana wamepanga kuonyesha filamu ya pili Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa kumi alasiri, kama umeme utakuwepo. Safari hii watu watatu wameombwa kuleta uhakiki wao umeandikwa kwenye karatasi: yule mwimbaji wa teno, yule dada, na mchungaji wa Likasi, ambaye amekubali kuja kwa basi. Kila mmoja atasoma mpaka mwisho, na anayetaka kujibu ataanza kwa kueleza amesikia nini. Akina mama wamesema mikate itakuwepo. Parokia nyingine zinazotaka kuhudhuria zitujulishe mapema, maana viti ni vichache.